Kupaka rangi kagari ka plastiki ka Land Rover 109 ukiwa Tabora, kwa kopo la sprei tu

Naanza na aibu yangu kwanza. Land Rover ya kwanza kuunganisha niliipaka kijani safi kabisa, afu nikajiona fundi, nikachukua kahawia nikadonadona kutu kwenye milango na madigadi ili ionekane imezeeka, nikampelekea mzee jirani yetu hapa Isevya ambaye enzi zake aliendesha hizo gari kwenye mashamba ya tumbaku. Akaigeuza, akaisogeza karibu na macho, akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, bodi hii aluminiamu, hiyo kutu umeitoa wapi?"

Na ni kweli. Land Rover hizi za zamani, tangu zilipoanza 1948, bodi yake ni aloi ya aluminiamu, maana baada ya vita chuma kule Uingereza kilikuwa cha mgao. Kutu inakula chasisi, ule ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi, na fremu za chini za milango, basi. Kwa hiyo kabla hujagusa rangi tafuta gari lenyewe, hata bovu lililolala gereji, piga picha chini, pembeni, nyuma.

Ninayoelezea hapa ni ya plastiki, Series III (toleo la tatu), skeli 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma, gawanya kwa 24 unapata kama inchi 4 na nusu, sentimita 11 na nusu hivi. Series III (1971 hadi 1985) taa kubwa ziko kwenye madigadi na shoo yake ni ya plastiki, usiipake silva kama wengi wanavyofanya. Zile Series II za mwanzo ndo taa zinakaa katikati pembeni ya shoo, na shoo ni wavu wa chuma.

Sasa kazi. Osha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta ya moldi na rangi haishiki hapo, afu anika juu ya kitambaa kisichotoa manyoya. Baada ya hapo usiviguse kwa vidole, mimi bodi naibandika juu ya chupa tupu kwa tepu iliyokunjwa, nashika chupa. Mikwaruzo na alama za kuungania piga msasa wa maji namba 1000 taratibu.

Praima, ile rangi ya msingi inayotangulia, usiiruke. Sprei za duka la vifaa vya ujenzi zina tina kali, nyingine zinakula plastiki inakuwa kama ngozi ya mamba. Jaribu kwanza kwenye ile fremu ya plastiki inayobaki ukishakata vipande, ikikaa salama mpaka kesho yake ndo uende kwenye bodi.

Adui mkubwa hapa kwetu ni vumbi. Agosti mpaka Oktoba upepo ukianza huna ujanja, mi napulizia asubuhi mapema bafuni, nimemwagia sakafu maji, mlango nimefunga mpaka vumbi litulie, barakoa usoni, na hakuna jiko la mkaa karibu maana gesi ya kopo inawaka vibaya. Nikimaliza tu nafunika na ndoo safi, nainyanyua kidogo kwa vijiti viwili hewa ipite. Na mvua zikianza Novemba usipulize wakati inanyesha, rangi ya kung'aa inatoka na ukungu mweupe.

Kopo liweke kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, ya vuguvugu nimesema, siyo ya kuchemka na wala siyo kwenye moto, afu litikise dakika 2 nzima. Simama kama sentimita 20, anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje ya bodi. Mkono usisimame. Koti la kwanza liwe kama umande, praima ionekane bado, moyo utakuuma utataka kuongeza, usiongeze! Subiri dakika 10 au 15 ndo la pili, ukifika la tatu au la nne imefunika. Ukipuliza nzito inatiririka, ukipuliza mbali sana inakauka hewani inatua kama ganda la chungwa. Mbu akinasa, na atanasa, usimtoe na rangi mbichi, mi nilimtoa kwa kucha nikaacha shimo kwenye boneti. Mwache akauke siku 2, piga msasa 2000 na maji, malizia kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini.

Rangi iliyozoeleka ni kijani iliyokolea, paa na rimu krimu. Kama paa limeungana na bodi anza na krimu kwa kuwa ni nyepesi, ikikauka vizuri ziba na masking tepu. Tepu ibandike kwanza kwenye kioo ukate ukingo mpya kwa wembe, ule wa dukani umeshashika uchafu. Igandamize kwa kucha, puliza krimu kidogo tena kwenye ukingo ili izibe upenyo, ndo uje na kijani. Tepu ivute kabla rangi haijakauka sana, ukiikunja kwa nyuma.

Zile kanda za bati juu ya kingo za bodi, pamoja na bampa, zimepakwa zinki, siyo kromu. Changanya silva na kijivu kidogo ifubae. Mistari ya milango chukua rangi ya maji nyeusi na kahawia, maji mengi, tone la sabuni ya vyombo, gusisha ncha ya brashi kwenye mstari itakimbia yenyewe, futa ziada kwa pamba ya masikio yenye unyevu. Nyuma ya kioo cha taa weka karatasi ya silva ya pakiti ya sigara. Vioo gundisha kwa gundi nyeupe ya mbao, supagluu inatoa mvuke unaacha weupe hautoki tena.

Tairi piga msasa pale zinapogusa ardhi zising'ae. Vumbi la kupaka tunalo bure, chota mlangoni, chekecha kwa soksi ya kike kuukuu, pakaza kwa brashi kavu nyuma ya tairi, chini, na zaidi mlango wa nyuma, maana gari likikimbia vumbi linavutwa huko. Kioo cha mbele bandika kwanza tepu uliyoikata kama feni, ukiibandua utaona waipa imepita. Shikiza na vanishi isiyong'aa, kwa mbali.

Ya pili nikampelekea tena babu. Kutu chasisi tu. Akaangalia muda mrefu, hakucheka, akaniuliza, "Dereva wako kiwiko anaweka wapi?" Nikachukua pamba ya masikio, nikafuta vumbi kidogo juu ya mlango wa kulia, pale mkono unapokaa dirisha likiwa wazi.