Kuficha ARV kwa muzigo, kale kachumba ka kupanga, bila kukosa dozi

Kwanza ile kelele. Mkebe wa ARV, dawa zetu za virusi vya UKIMWI, ukiwa umejaa hausikiki, ukishafika nusu ndo unaanza chakacha-chakacha kwa begi, na kwa taksi ya Kampala mmebanana magoti kwa magoti, unahisi kila mtu amejua. Jaza pamba safi, kavu kabisa, juu ya vidonge, utanyamaza. Stika unaweza kubandua ila tarehe ya kuisha iandike mahali. Usivihamishie kwa kavera, mfuko wa plastiki, vinashika unyevu, na kale kapakiti kadogo kaliko ndani usikatupe, kanaunyonya huo unyevu.

Saa nayo. TLD, kile kidonge cha ARV chenye dawa tatu ndani, ni kimoja kwa siku, umekula ama hujala, kwa hiyo usijifunge na saa tatu usiku wakati muzigo umejaa wageni. Mi nakunywa alfajiri kabla watoto hawajaamka, na alamu kwa simu nimeiita "lipa maji".

Ukiulizwa ni dawa gani usiseme ya kichwa wala ya malaria, kesho jirani ataumwa aje kukuomba kimoja! Sema daktari ameniandikia mimi, basi. Lakini daktari mwenyewe na nesi usiwafiche hata siku moja, dawa zingine zinagongana, hata vile vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito havinywewi pamoja na TLD tumbo likiwa tupu.

Wengi wanachukulia dawa wilaya nyingine wasionekane, nawaelewa kabisa, ila nauli ikikosekana ndo mwanzo wa kuruka dozi. Kama virusi vimeshuka, omba za miezi mitatu au sita.

Philly Lutaaya, yule mwanamuziki wa Uganda, alitangaza mbele ya nchi nzima mwaka 1989 kwamba ana virusi, wewe hudaiwi hivyo. Mwenye nyumba, watu wa kanisani, bosi, haiwahusu. Mwenzako wa kitandani inamhusu, na kama unaogopa atakupiga usimwambie mkiwa wawili tu, omba kansela, yule mshauri wa kliniki, awaite wote. Huyo atawaeleza pia kwamba ukinywa vizuri na virusi visionekane kwa kipimo, humwambukizi kwa ngono.

Halafu tafuta mtu mmoja wa nyumbani anayejua. Wangu ni dada. Siku nimelazwa ghafla na malaria, simu imezima, yeye ndo alifungua sanduku akatoa mkebe chini ya magauni yangu ya gomesi, akapanda boda usiku na mvua ile, akaniwekea kidonge mkononi bila kusema neno.