Kuandaa mtazamo wa hali ya hewa wa wiki kwa Nyanda za Juu Kusini, mwishoni mwa kipupwe

Agosti ikielekea ukingoni, mkulima wa Njombe, Makete au Mufindi haulizi habari za mvua. Anajua haipo, ukiacha manyunyu. Anachotaka kujua ni usiku upi utaunguza viazi na siku ipi si ya kuwasha moto shambani. Mwongozo huu ni wa afisa ugani, mtangazaji wa redio jamii au kiongozi wa ushirika anayeandaa mtazamo wa siku saba kwa eneo lake.

Hatua ya 1: Anza na TMA

Chukua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na mtazamo wake wa siku tano kuhusu hali mbaya ya hewa. Nakili rangi na maneno kama yalivyo: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Usipandishe ngazi wala kuishusha. Kazi yako ni kueleza maana yake kwa bonde na mteremko wa wasikilizaji wako.

Hatua ya 2: Tazama mbali kusini

Fungua ramani ya mgandamizo wa hewa katika usawa wa bahari, utafute mgandamizo mkubwa wa Mascarene, mashariki na kusini mwa Madagaska. Huo ndio unaosukuma kusi. Ukiona umepanda kupita hektopaskali 1030 na ncha yake ikinyooka kuelekea pwani ya Msumbiji, hasa baada ya wimbi la baridi kupita Afrika Kusini, tarajia msukumo wa hewa baridi kufika kwetu siku mbili hadi nne baadaye.

Mahesabu makuu ya kompyuta za utabiri huanza saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwa saa zetu, na matokeo huchukua saa kadhaa kutoka. Ukisoma saa 12 asubuhi huenda unasoma ya jana. Subiri hadi saa 5 asubuhi.

Hatua ya 3: Tenganisha siku ya baridi na usiku wa sakitu (baridi ya kugandisha inayounguza majani)

Hapa ndipo mitazamo mingi inaharibika. Msukumo wa kusi ukifika, miteremko inayotazama kusini-mashariki, kama ukingo wa Mufindi na upande wa Rungwe, hufunikwa na mawingu, ukungu na manyunyu. Mchana unakuwa wa baridi kali, watu wanavaa makoti, na mtangazaji anatangaza sakitu. Lakini sakitu haiji usiku huo. Mawingu yanazuia joto la ardhi kupotea, na upepo unachanganya hewa ya juu na ya chini.

Hatari inakuja baadaye, upepo ukitulia na anga likafunguka huku hewa kavu ikiwa bado imekaa. Kwa kila usiku wa wiki, kagua mambo matatu kwa pamoja:

- mawingu: chini ya robo ya anga kuanzia saa 4 usiku;
- upepo: chini ya kilomita 8 kwa saa;
- joto la umande: nyuzi 4 au pungufu.

Kama programu yako haionyeshi joto la umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipoa kukifikia mvuke wake huanza kuwa matone, likadirie hivi: toa asilimia ya unyevu kwenye 100, gawanya kwa 5, kisha punguza jibu kwenye joto la hewa. Jioni yenye nyuzi 14 na unyevu wa asilimia 50 inakupa takriban nyuzi 4. Unyevu ukishuka chini ya hapo, hesabu hii inapunja: umande halisi uko chini zaidi ya jibu lako. Hewa kavu sana ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu majani yanaweza kuungua bila weupe wowote kuonekana asubuhi.

Hatua ya 4: Rekebisha nyuzi kwa mwinuko, lakini mchana tu

Programu hukadiria eneo pana, na mwinuko wake unaweza kutofautiana na wa kijiji kwa mita 300. Kwa joto la mchana, punguza nyuzi 0.65 kwa kila mita 100 unazopanda, au ongeza ukishuka.

Usiku wenye utulivu usitumie kanuni hiyo. Hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama mabondeni, kwa hiyo shamba la chini linaweza kuwa baridi kuliko la kilimani. Tena, utabiri huhesabu joto la hewa karibu mita 2 kutoka ardhini. Majani ya chini yanaweza kuwa baridi zaidi kwa nyuzi 3 hadi 5. Utabiri ukisema nyuzi 4 kwa bonde lililo wazi, tangaza uwezekano wa sakitu.

Hatua ya 5: Upepo

Unyevu wa mchana ukiwa chini ya asilimia 30 na upepo ukapita kilomita 30 kwa saa, sema wazi: moto usiwashwe, hasa jirani na misitu ya kupandwa kama Sao Hill. Kwa Matema na Mbamba Bay, andika upepo na mawimbi ya Ziwa Nyasa peke yake. Mwera, upepo mkali wa kusini-mashariki wa ziwa hilo, hauendi na hali ya milimani.

Hatua ya 6: Andika

Siku 1 hadi 3 toa nyuzi na saa. Siku 4 na 5 toa masafa, mfano “nyuzi 3 hadi 7”. Siku 6 na 7 toa mwelekeo tu: baridi inazidi au inapungua. Mfano:

“Jumanne na Jumatano: mawingu, manyunyu Mufindi, mchana nyuzi 15. Usiku wa kuamkia Ijumaa: anga wazi, upepo mdogo, sakitu inawezekana mabondeni Makete na Njombe. Mwagilia viazi Alhamisi mchana. Funika vitalu kwa turubai kabla jua halijazama; turubai lisiguse majani.”

Umwagiliaji huo una sababu: udongo wenye maji hutunza joto la mchana na kulitoa usiku.

Hatua ya 7: Pima

Laza kipimajoto cha kiwango cha chini (kinachobakiza alama ya joto la chini kabisa la usiku) juu ya nyasi fupi, sentimita 5 kutoka ardhini, kwenye panda mbili za mti. Kitoe nje jioni, soma kabla ya jua kuchomoza, andika kando ya ulichotabiri. Tofauti ikijirudia upande uleule kwa wiki tatu, iingize kwenye hesabu ya hatua ya 4 kwa bonde hilo.