Joho la Loie Fuller: kulikata, kulishona, kisha kulipiga picha

Ile filamu fupi ya rangi inayozunguka mitandaoni, ya mwanamke anayepeperusha nguo pana inayogeuka njano, mara kijani, mara zambarau, si Loie Fuller, yule mchezaji ngoma aliyejulikana kwa kupeperusha joho la hariri jukwaani. Zile za kampuni ya Edison za 1894 na 1895 anacheza Annabelle Whitford. Ile ya ndugu Lumière, watengeneza filamu wa Ufaransa, ni mchezaji mwingine kabisa aliyeiga mtindo huo. Rangi zilipakwa kwa mkono, fremu baada ya fremu. Nasema haya mapema kwa sababu wateja wameshaniletea filamu hizo kwenye simu zaidi ya mara moja: "Fundi, nataka kama ya Loie." Sawa, ila ukitaka ya Loie, tumtazame Loie.

Alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka 1862, akaanza kama mwigizaji wa kawaida. Mwaka 1892 alimshtaki mchezaji mwenzake mjini New York kwa kumwibia ngoma yake, akashindwa: mahakama ilisema ngoma isiyosimulia kisa chochote si mchezo wa kuigiza, hivyo sheria ya hakimiliki haiilindi. Mwaka huohuo alivuka bahari, na tarehe 5 Novemba akapanda jukwaa la Folies Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, mji uliomfanya nyota. Ngoma hakuweza kuilinda, basi akalinda nguo. Aprili 1894 alipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya Marekani namba 518,347, ya vazi la wacheza ngoma. Kwa sisi mafundi hiyo ni zawadi, maana hataza huja na michoro. Sketi inaning'inia kutoka kwenye taji la kichwani, na ndani yake zimo fimbo mbili za kushika mkononi.

Mimi nimeshona majoho matatu ya aina hii. La kwanza lilikuwa aibu, nitalisimulia. Mwongozo huu ni wa lile la tatu, linaloanzia shingoni badala ya kichwani, kama anavyoonekana kwenye picha zake nyingi.

Hatua ya 1: Tazama picha kabla ya kushika mkasi

Tafuta picha za aina tatu. Samuel Joshua Beckett alimpiga nje, kwenye hewa wazi, karibu na mwaka 1900. Hizo zimo kwenye tovuti ya Metropolitan Museum ya New York. Isaiah West Taber alimpiga 1897. Frederick Glasier alimpiga 1902, na picha yake imehifadhiwa Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani.

Za Beckett ndizo nazipenda kuliko zote, kwa sababu ndani yake hakuna cha kumsaidia. Jukwaani Fuller alikuwa na mapazia meusi, taa za rangi, hata sakafu ya kioo iliyomulikwa kutoka chini. Kwa Beckett kuna mwanamke mnene kiasi, majani, na kitambaa. Mikono haionekani mwisho wake. Huwezi kusema kiganja kiko wapi. Huo ndio ufundi unaoutafuta. Ukikosea kwenye urefu wa kitambaa au mahali pa fimbo, hakuna kamera itakayokuokoa, na picha itakuwa ya mtu aliyebeba shuka.

Hatua ya 2: Kitambaa

Fuller alitumia hariri nyepesi sana. Hariri ya habotai (hariri laini na nyepesi) ya uzito wa momme 5, kipimo cha uzito wa hariri, ina takriban gramu 22 kwa mita moja ya mraba. Joho hili linakula karibu mita 15 za mraba, kwa hiyo zima lina kama gramu 320. Shifoni ya poliesta, ambayo ndiyo utakayoipata kwa urahisi Kariakoo, huwa na gramu 60 hadi 75, na joho lilelile linakuwa la kilo moja. Kilo moja si kitu ukiibeba kwenye mfuko. Iweke kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 90, uizungushe juu ya kichwa, kisha uniambie.

Hariri ni ghali. Kama bajeti hairuhusu, nunua shifoni nyepesi kuliko zote dukani: irushe hewani, hesabu inachukua muda gani kutua, linganisha na nyingine. Wauzaji wanacheka, waache wacheke. Bitana usiguse. Inashuka kama jiwe.

Nunua mita 15, upana wa sentimita 150, nyeupe. Utakata mita 14, na inayobaki ni ya njia za fimbo na makosa.

Hatua ya 3: Kukata

Joho ni vipande 21 vyenye umbo moja: juu sentimita 5, chini sentimita 70, urefu mita 2. Chora kimoja kwenye boksi gumu, mstari wa katikati ufuate mkondo wa nyuzi. Laza kitambaa, weka kipande cha kwanza kikitazama juu, cha pili kikitazama chini, cha tatu juu tena. Vikipishana hivyo vitatu vinachukua sentimita 145 za upana, na kwa kila mita 2 unapata vitatu. Mara saba, umemaliza.

Ukishatoa sentimita moja ya mshono kila upande, shingo inabaki na sentimita 63 na pindo mita 14 na kitu. Kwa sentimita 63 kichwa kinapita bila zipu wala kifungo.

Kitambaa hiki kinakimbia kama samaki. Tandika shuka la pamba chini yake, au lowesha kwa maji ya wanga, kausha, ndipo ukate. Mimi nakata sakafuni, magoti juu ya mto, na milango nimefunga. Upepo mdogo tu wa mlangoni unatosha kukuharibia kipande.

Hatua ya 4: Kushona

Sindano ya cherehani namba 9, mpya. Shona kila mshono mara mbili: kwanza pande za ndani za kitambaa zikigusana, mshono ukiwa nje, punguza nyuzi, geuza, kisha shona tena ili ukingo ufunikwe ndani. Joho hili linaonekana pande zote mbili hewani, na mwanga unapita ndani yake. Ovaloki itatokea kwenye picha kama mistari ya reli.

Shingoni weka mkanda wa pamba. Uzito wote unaning'inia hapo, na shifoni peke yake itavutika na kupasuka. Pitisha utepe ndani ya mkanda ili uweze kuikaza shingo.

Kabla ya kukunja pindo, litundike joho usiku mzima. Kingo za vipande zimekatwa kwa mshazari, zitarefuka, na kila moja kwa kiasi chake. Asubuhi ndipo usawazishe.

Na hapa ndipo joho langu la kwanza lilipoangukia. Niliacha vipande vyote na mita 2 kamili. Binamu yangu alilivaa, akainua mikono, akapendeza kama korongo, akapiga hatua moja mbele, akalikanyaga na kwenda chini pamoja na taa yangu ya kukodi. Goti lilichubuka, taa ililipwa. Siku hizi vipande vitatu vya mbele navikata viishie kwenye kifundo cha mguu, kama sentimita 130 kwa mtu wa kimo cha wastani, halafu nashusha pindo polepole kila upande hadi kufikia mita 2 ubavuni. Nyuma naliacha liburuze. Mchezaji asirudi kinyumenyume tu.

Pindo lenyewe likunje mara mbili, jembamba kadiri mkono wako unavyoweza. Mita 14 za pindo jembamba ni kazi ya jioni mbili. Usiweke uzi mzito wala waya ili "likae vizuri". Likikaa vizuri halitaruka.

Hatua ya 5: Fimbo

Mwanzi uliopasuliwa, urefu sentimita 90, unene kama kidole kidogo. Uloweke usiku kucha, upinde ncha juu ya mvuke wa sufuria, uufunge kwa kamba hadi ukauke na mkunjo wake. Mkunjo utazame ndani, kuelekea kichwani. Fimbo iliyonyooka inafanya joho lionekane kama hema. Sugua kwa msasa, kisha funga ncha kwa kitambaa, vinginevyo itatoboa.

Hesabu kutoka kipande cha katikati mbele, nacho ukikihesabu kuwa cha kwanza. Kwenye cha sita, kulia na kushoto, shona njia ya kupitisha fimbo upande wa ndani, ianzie sentimita 85 kutoka shingoni na kufungwa sentimita 160. Ncha imefungwa, upande wa mkono uko wazi. Sentimita 15 za chini za fimbo ni za kushika. Zile sentimita 40 za kitambaa zinazobaki baada ya ncha ndizo zinazochora mawimbi. Fundi mwenye haraka huwa anazipunguza.

Hatua ya 6: Mazoezi

Nusu saa kwa siku, wiki moja, kabla ya kamera. Mchezaji achore namba 8 iliyolala kwa ncha za fimbo, nguvu itoke mgongoni na kiunoni badala ya viganja. Dakika nne mfululizo zinatosha kumchosha mtu mwenye afya.

Kama ni poliesta itang'ang'ania miguu kwa umeme wa msuguano. Suuza joho kwa dawa ya kulainisha nguo, na mchezaji ajipake mafuta miguuni.

Hatua ya 7: Kupiga picha

Nje, asubuhi, saa moja na nusu hadi saa tatu, kabla upepo haujaamka. Nyuma ya mchezaji pawe na giza: miti iliyo kivulini, au ukuta uliotundikwa mahameli nyeusi. Jua liwe nyuma yake kwa pembeni, ili lipite ndani ya kitambaa. Jua la mbele linaua mikunjo yote.

Mabawa yakifunguka yanazidi mita 3. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili simama mita 7 nyuma. Ukitumia simu, rudi nyuma na utumie ukuzaji wa mara 2. Lenzi ya kawaida ya simu ukiisogeza karibu inavuta ncha za mabawa na kufanya kichwa kiwe kama cha njiti.

Kasi ya shata 1/500 inasimamisha kila kitu. Kwa 1/60 pindo linayeyuka na mwili unabaki. Piga zote mbili. Kiasi cha mwanga kiweke mwenyewe kwenye kamera, usiiachie ijipangie: mandhari nyeusi inaidanganya, nayo inachoma kitambaa kikawa karatasi tupu. Pima kwenye sehemu ya kitambaa inayong'aa zaidi, hakikisha mikunjo bado inaonekana, kisha uso uuangaze kwa shuka jeupe lililotandikwa chini mbele ya mchezaji.

Wakati wa kubonyeza ndio kila mtu anaokosea. Kitambaa kinachelewa nyuma ya mkono. Mikono ikifika juu kabisa, kitambaa bado kinapanda. Ukibonyeza hapo unapata mikono mirefu na nguo iliyolegea. Subiri mikono ianze kushuka. Hapo kitambaa kinasita hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na pindo linafunguka. Mimi huhesabu kwa sauti pamoja na mchezaji: moja, mikono inapanda, mbili, iko juu, naminya kwenye tatu.

Piga na moja ya kusimama tuli pia, kitambaa ukikipanga kwa mkono mkunjo kwa mkunjo. Hiyo haichukui hata robo saa.

Hatua ya 8: Nyeusi na nyeupe

Sahani za kioo zilizotumika kupigia picha wakati ule hazikuona rangi nyekundu sawasawa. Ziliona buluu zaidi. Ndiyo maana anga kwenye picha za zamani ni nyeupe na midomo imekoza. Programu za kuhariri zitakuambia utumie chaneli ya buluu kupata sura hiyo. Kwa hariri ni sahihi, inang'aa vizuri. Kwa ngozi zetu ni balaa: hudhurungi yote inazama, uso unakuwa shimo. Fanya nakala mbili, moja ya buluu kwa ajili ya kitambaa, nyingine ya kijani yenye kiasi cha nyekundu kwa ajili ya uso na miguu, kisha ziunganishe kwa brashi laini. Usijaribu kurudisha rangi za jukwaani. Mchoraji Mfaransa Toulouse-Lautrec alipomchora Fuller mwaka 1893 alichapa nakala kama 60 na kila moja akaipa rangi zake, kwa hiyo hata wa enzi zile hawakukubaliana rangi ilikuwa ipi.

Chapisha kwa milimita 108 kwa 165, ubandike kwenye kadi ngumu. Ndicho kipimo cha zile kadi za picha za wasanii zilizouzwa karne ya 19, na mawimbi ya kitambaa yanakaa vizuri kwenye udogo huo.

Binamu yangu nilimpelekea tano. Nzuri kuliko zote ilikuwa ile ya tatu, bawa la kushoto limefunika uso wote na pindo limejikunja juu kama ua. Aliigeuza, akaitazama upande wa nyuma, akauliza, "Sasa dada, nitawaambiaje watu huyu ni mimi?" Ile ya kusimama tuli ndiyo iko ukutani kwao. Ya bawa ninayo mimi, kwenye droo ya cherehani.