Goti bandia: kabla ya kukubali kisu, na wiki 6 za baada yake

Picha ya eksirei peke yake haitoshi kukupeleka chumba cha upasuaji. Wapo watu ambao kwenye picha gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) limekwisha na mfupa unasugua mfupa, lakini wanakwenda sokoni na kurudi. Kipimo kizuri zaidi ni maisha yako. Je, maumivu yanakuamsha usiku? Unashindwa kutembea dakika 10 bila kutafuta pa kukaa? Dawa ulizoandikiwa zimeacha kusaidia, na mguu unazidi kupinda? Haya yakiungana na picha mbaya, basi muone daktari wa mifupa mzungumzie goti bandia.

Kwanza jipe miezi 3 hadi 6 ya tiba isiyo ya kisu: mazoezi ya misuli ya mbele ya paja, kupunguza uzito, na mkongojo, ambao hushikwa kwa mkono wa upande wa goti zima. Wengi huushika upande wa goti bovu na hivyo kuliongezea kazi. Kilo 1 unayopunguza hulitua goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa muda, lakini ukishachomwa, upasuaji usubiri angalau miezi 3, maana hatari ya maambukizi huwa juu. Tafadhali usiishi kwa diclofenac, dawa ya maumivu, ya kununua dukani kila siku. Huumiza figo, huchubua tumbo na hupandisha presha.

Jua pia unachonunua. Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hubaki na maumivu au haridhiki na goti jipya. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kutakuwa kugumu sana, pengine moja kwa moja, kwa hiyo tafuta choo cha kukaa au kiti chenye tundu kabla ya siku ya upasuaji. Kwa sala, andaa kiti. Muulize daktari hufanya magoti mangapi kwa mwaka, na omba stika yenye namba za vipande vya goti bandia. Itunze pamoja na vyeti vyako, kwa sababu kikichakaa kimoja baada ya miaka 15 au 20, daktari atahitaji kujua cha kukibadilishia.

Miadi ikishapangwa, sukari ishuke na itulie, meno mabovu yatibiwe, vidonda na fangasi wa miguuni wapone. Bakteria husafiri kwa damu hadi kwenye chuma cha goti bandia. Sigara iachwe wiki 4 kabla, au mapema zaidi. Nyumbani, ondoa mikeka na zulia zinazoteleza.

Siku ya upasuaji au kesho yake utasimamishwa kwa woka, fremu ya kushikilia unapotembea. Inatisha, lakini goti hilo limejengwa libebe uzito tangu siku hiyo. Meza dawa ya maumivu kama nusu saa kabla ya mazoezi, kwa sababu mwenye maumivu hafanyi mazoezi, na goti lisilofanyishwa mazoezi hukakamaa.

Kosa kubwa la nyumbani ni mto chini ya goti. Ndugu huuweka kwa huruma, mgonjwa anapata nafuu, na baada ya wiki chache goti halinyooki tena. Mto au taulo lililokunjwa liwekwe chini ya kisigino, goti likining'inia, dakika 10 mara 3 au 4 kwa siku. Kaza paja ukisukuma goti chini, hesabu hadi 5, uachie. Rudia mara 10. Kwa kukunja, keti kitandani, pitisha kanga chini ya unyayo, uvute kisigino taratibu kuelekea makalioni. Lenga goti likunjike nyuzi 90 (pembe mraba) mwishoni mwa wiki ya 2, na 110 au zaidi kufikia wiki ya 6. Kunyooka ni muhimu kuliko kukunja: goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote.

Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, uliopasuliwa hutangulia kushuka. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, kila baada ya mazoezi. Uvimbe na joto la goti vinaweza kuchukua miezi 3 hadi 6, hilo lisikutishe. Nyuzi au pini za kidonda hutolewa siku ya 10 hadi 14. Hadi kidonda kifunge kabisa, hakuna kukandwa kwa maji moto, kuchuliwa wala kupakwa majani, hata bibi akisisitiza. Dawa ya kuzuia damu kuganda imezwe mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, ni dharura ya saa hiyo. Kidonda kikiendelea kutoa majimaji baada ya wiki 1, au ukipata homa kali na goti likizidi kuuma badala ya kupoa, mrudie aliyekupasua. Usimeze antibiotiki ya dukani kwanza. Daktari anahitaji kuvuta maji ya gotini na kuyapeleka maabara. Ukishameza dawa, kipimo huweza kushindwa kuonyesha ni bakteria gani, na tiba ikawa ya kubahatisha.