Ukuta wa mabati ulioota ukungu: tafuta maji kwanza, ndipo uoshe

Zunguka ghala au banda lako la mabati hapa Kakamega mwezi wa Septemba, utaona ukuta mmoja umechafuka kuliko mingine yote. Mara nyingi ni ule unaotazama kusini. Tuko karibu sana na ikweta, na kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini wa anga. Miezi hiyo hiyo ndiyo mvua yetu hunyesha alasiri baada ya alasiri. Ukuta wa kusini unalowa mchana, unapata umande usiku, na kwa karibu nusu mwaka jua haliukaushi ipasavyo. Ukungu mweusi na utando wa kijani hutafuta mahali kama hapo.

Ukungu wenyewe hauli bati. Unakula vumbi, chavua, matone ya samadi na uchafu mwingine ulioganda juu ya bati. Hasara inakuja kwa sababu utando ule unashika unyevu kama kitambaa kibichi kilichobandikwa ukutani, na bati lisilokauka hupoteza rangi yake, kisha tabaka la zinki linalolikinga, kisha linashika kutu. Bati la sasa ni ghali mno kuachwa life hivyo.

Kabla hujanunua dawa yoyote, hakikisha unachokiona ni ukungu kweli. Ukuta ulio karibu na jiko la kuni huwa na masizi. Kule Mumias, Muhoroni na Chemelil, mashamba ya miwa yanapochomwa, majivu meusi hupeperuka na kutua kila mahali. Unga mweupe kwenye bati lisilo na rangi ni kutu ya zinki, nao huanza hasa pale mabati yalipopangwa yakiwa na maji katikati. Kipimo ni rahisi: chukua dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita Jik hata chupa ikiwa na jina lingine, ichanganye na maji, na udondoshe tone moja juu ya doa. Doa likififia ndani ya dakika moja au mbili, huo ni ukungu. Likibaki vile vile, ni masizi au kutu, na klorini haitakusaidia kitu.

Sasa maji. Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote, kwa sababu nimeona watu wakiosha ukuta ule ule kila mwaka bila kujiuliza kwa nini unarudia. Tazama majani ya nepia na migomba iliyoegemea ukuta. Ikate ibaki nafasi ya mtu kupita bila kugusa ukuta. Tazama paa: kama halina mifereji, maji yanaanguka chini, yanaruka na matope, na yanachafua futi mbili za chini za bati kila mvua ikinyesha. Mfereji uliojaa majani ni mbaya zaidi, maana maji yanafurika na kuteremka juu ya ukuta wenyewe. Samadi, kuni na udongo vilivyorundikwa kando ya bati viondolewe kabisa. Kazi hii haigharimu zaidi ya panga, jembe na nusu siku.

Kuosha kunafaa asubuhi yenye mawingu, au upande ambao jua halijafika, kwa sababu dawa ikikaukia kwenye bati lenye moto huacha michirizi. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mizuri, kwa kuwa ukuta utakauka vizuri baadaye. Fagia utando wa buibui, kisha osha kwa maji na sabuni ya kawaida ya vyombo ukitumia brashi laini yenye mpini mrefu. Anza chini ukielekea juu. Ukianza juu, maji machafu yanateremka kwenye bati kavu na kuacha alama ngumu kutoa. Wakati wa kusuuza ndipo unaanza juu. Mara nyingi sabuni pekee inatosha, hasa kwa utando wa kijani.

Madoa meusi yaliyobaki ndiyo yanahitaji klorini: sehemu moja ya dawa kwa sehemu nne za maji. Jaribu kwanza pembeni, mahali pasipoonekana, uone kama rangi ya bati inabadilika. Paka kwenye doa, subiri dakika tano, sugua polepole, kisha suuza kwa maji mengi mpaka harufu iishe. Usiiache ilale hapo. Klorini inayokaa juu ya zinki inaila, na bati lisilo na rangi ndilo linaloumia haraka.

Kwa wenye banda la ng'ombe kuna hatari ambayo lazima niitaje waziwazi. Mkojo wa ng'ombe hutoa amonia, na klorini ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Toa ng'ombe nje, osha mikojo na samadi kwa maji na sabuni, suuza, ndipo ufikirie klorini. Usiichanganye pia na siki wala dawa ya kusafishia choo. Vaa glavu za mpira na ufunike macho. Kuku wafungiwe mbali, chombo cha maji ya mifugo kifunikwe, bomba linaloingia kwenye tangi la maji ya mvua litenganishwe na tangi, na maji ya kusuuza yasielekee kwenye kidimbwi cha samaki wala kitalu cha miche. Klorini kidogo tu inaua samaki.

Majivu tumezoea kusugulia sufuria, na mama yangu aliyasugulia hata mlango wa bati. Yasugulie sufuria tu. Majivu yakilowa yana magadi makali yanayokula zinki. Waya wa kusugulia nao unakwaruza bati na kuacha chembe za chuma ambazo zitapata kutu zenyewe. Mashine ya kuoshea magari inaweza kutumika kwa nguvu ndogo, lakini usielekeze maji kwenda juu, kwa maana yataingia kwenye maungio na kulowesha mahindi yaliyo ndani.

Penye kutu, kwangua, paka praima ya chuma, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe.

Ukimaliza, ingia ndani ya ghala na ufunge mlango. Kila mahali unapoona mwanga ukipenya, maji nayo hupenya; ziba matundu hayo na ukaze misumari iliyolegea. Wakati wa kuingiza mahindi, hakikisha unyevu wake haujazidi asilimia 13.5, pakia magunia juu ya vichanja vya mbao, na uache nafasi kati ya magunia na ukuta unayoweza kupita na tochi, ili kila wiki uweze kuangalia bati upande wa ndani.