Kupata senta ya ubao, meza ya duara na mlango wa nakshi bila kubahatisha

Vijana wa karakana wananiuliza sana kwa nini maua ya juu ya mlango yanakuja upande wakati wamepima vizuri. Tatizo ni senta tu jamani, ikikosewa hiyo basi nakshi yote inakwenda mrama na mteja ataona hata kama hajawahi kushika randa.

Kwanza ubao wa kawaida. Umepima upana umekuja sentimita 37 na vinukta vyake, usihangaike kugawa. Ziro ya futi weka ukingo mmoja, ilaze futi kimshazari mpaka 40 iguse ukingo wa pili, tia alama kwenye 20, hapo ndo katikati. Fanya hivo juu na chini, unganisha kwa rula, ushapata mstari wako.

Pili meza ya duara. Chukua kona ya plaiwudi ya kiwandani, ile iliyo nyuzi 90 kamili (skwea ndogo haifiki), ncha ya kona iguse ukingo wa meza kwa ndani, angalia pande mbili za kona zinakatia wapi ukingo, tia alama, ziunganishe. Mstari huo lazma upite senta. Zungusha kona sehemu nyengine urudie, mistari inapokatana ndo penyewe, lakini meza iwe duara kweli, sio yai.

Tatu, mlango, na hapa ndo kwenye kazi. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake mawe na chokaa, uwazi wa mlango unaweza kuwa mpana chini kuliko juu, kwa hivo usiamini ukuta. Tafuta senta kwenye kizingiti cha juu, ning'iniza timazi (uzi wenye kizito mwishoni) kutoka hapo mpaka chini, fremu na kila kitu kifuate uzi wa timazi. Mabawa mawili ya mlango yanakutana kwenye mstari huo, na mfaa, yaani ule mti wa wima wa katikati, unapigiliwa bawa moja tu, nusu ya upana wake inazidi kufunika ufa, yaani mfaa wa sentimita 10 unakaa tano huku tano kule. Ukiupigilia mabawa yote mawili mlango haufunguki, usicheke, wapo.

Nne nakshi. Mti na maua chora nusu tu kwenye karatasi, ikunje penye senta, pande zote zitafanana. Maandishi ya Kiarabu hayakunjiki bwana, yatasomeka kinyume! Yaandike yote kwenye karatasi kwanza kutoka kulia, pima urefu kuanzia herufi ya mwanzo mpaka ya mwisho, nusu ya urefu huo ndo ikae kwenye senta ya kizingiti. Usihesabu maneno, maana neno moja linaweza kuwa refu kuliko matatu. Mstari wa senta uchore kwa penseli nyepesi na usiufute mpaka patasi imalize kazi.