SOMO: Hatua za kuhakiki somo la sarufi ya Kiingereza kabla ya kulitoa

Wiki hii nimeulizwa mara nne: "Mwalimu, somo langu limerudishwa kwa nini?" Jibu ni lilelile kila siku, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Hatua ya 1. Somo moja, jambo moja. Ukianza na "a" na "an", usimalizie na wingi wa nomino.

Hatua ya 2. Andika juu kabisa somo ni la nani. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, na leo anafundishwa hadi Jiografia kwa Kiingereza, hana mahitaji sawa na mtu anayejiandaa kwa usaili wa kazi.

Hatua ya 3. Istilahi ziwe zilezile mwanzo hadi mwisho. Kile Kiingereza huita object, vitabu vingine husema yambwa, vingine shamirisho. Chagua moja, kaa nayo. Na jina la Kiingereza litaje mara ya kwanza, kwa mfano "kihusishi, yaani preposition", maana mtihani hautamuuliza kwa Kiswahili.

Hatua ya 4. Sema unafuata Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, kisha usichanganye "colour" na "color". Lakini usikate kilicho sahihi. Wengi mnafuta "organize" yenye z mkisema ni ya Kimarekani, wakati Oxford University Press, wachapishaji wa Uingereza, wanaiandika hivyohivyo. "I already ate" kwa Mmarekani haina tatizo. Shule zetu zinafundisha "I have already eaten", basi andika hivyo: shule zetu zinafundisha hivi. Usiandike kwamba ile nyingine si Kiingereza.

Hatua ya 5. Sentensi zenye makosa. Hapa nawaomba mtulie.

Miaka kadhaa nyuma niliandika somo la nyakati. Kushoto niliweka sentensi za makosa kwa rangi nyekundu, kulia zilizo sahihi kwa kijani. Kwenye simu yangu lilipendeza. Mwalimu mmoja akalichapa kwa printa ya wino mweusi, akatoa kopi, akawagawia kidato cha pili. Nyekundu na kijani zote zikawa kijivu. Baadaye nilionyeshwa daftari la mwanafunzi wake. Kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri kabisa, ameandika "I have seen him yesterday", chini yake "I saw him yesterday", na zote mbili amezipigia mstari kwa rula. Mtoto yule hakukosea. Alinakili alichopewa, na aliyempa ni mimi.

Kwa hiyo:

Kila sentensi yenye kosa ianze na neno KOSA, kwenye mstari uleule. Rangi peke yake haitoshi, na alama ya mkasi au ya vema hupotea mtu akinakili kwenda programu nyingine. Msomaji asiyeona, anayesomewa na simu, rangi haisikii.

Sentensi sahihi itangulie, na zilizo sahihi ziwe nyingi kuliko za makosa. Jicho hushika kilichokuja kwanza.

USIBUNI kosa ambalo hakuna anayelifanya. Chukua yale ambayo lugha yetu wenyewe inatusukuma kuyafanya, na useme yanatoka wapi. Mtu husema "I have seen him yesterday" kwa sababu mtaani tunasema "nimemwona jana" bila shida. Husema "explain me" kwa sababu katika "nieleze" anayeelezwa yumo ndani ya kitenzi, hahitaji neno la kumbebea. Kiingereza kinadai "explain to me". Husema "discuss about" kwa sababu tunajadili kuhusu jambo. Msomaji akijua kosa limetoka wapi, halimrudii kirahisi.

Hatua ya 6. Ukijikuta umeandika "daima" au "kamwe", simama uhakiki. Mnapenda kufundisha kwamba sentensi ya Kiingereza haimaliziki na kihusishi. "Who are you talking to?" ni Kiingereza safi, na wenye lugha wanakisema asubuhi hadi jioni. Angalia kamusi mbili, kisha angalia matumizi halisi. British National Corpus, yaani hazina ya matumizi halisi ya lugha, ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza cha mwishoni mwa karne ya 20, ya kuandikwa na ya kusemwa. Kanuni inayovunjwa huko kila ukurasa si kanuni.

Hatua ya 7. Mazoezi tunga mwenyewe, usinakili kitabu cha mtu. Kisha yafanye bila kutazama majibu yako. Nimewahi kupokea hili: "I ____ in Tanga for six years", jaza kwa kitenzi live. Jibu la mwandishi lilikuwa "have lived". Lakini "lived" inakubalika kama alishahama, na "have been living" nayo inakubalika. Mwanafunzi anapata sahihi, anawekewa kosa. Ongeza maneno yanayofunga maana: "and I am still there", yanaondoa "lived", kisha weka "have been living" nayo kwenye majibu yako.

Hatua ya 8. Weka tarehe. Ukisahihisha baadaye, andika ulichosahihisha. Usifute kimyakimya, maana kopi za zamani zipo kwenye madaftari ya watu.

MASWALI

mzee_wa_kazi: Mkuu naomba mfano uliokwisha kujazwa, sina muda wa kusoma yote haya.

Jibu: Soma hatua ya 5. Ndiyo iliyorudisha somo lako.

Chapchap: Mimi nimeandikiwa na akili mnemba na nikahakiki. Mbona mmekataa?

Jibu: Umehakiki wapi? Mstari wa tatu una "an university". Ni "a university", sauti ya kwanza ni y kama ya "yai". Na ni "an hour", kwa sababu h haitamkwi. Tunafuata sauti, si herufi.

Mama_Darasa: Shikamoo mwalimu. Nafundisha watu wazima jioni. Nikiuliza "Didn't you eat?" wananijibu "Yes", kumbe hawajala. Hili niliandike KOSA?

Jibu: Marahaba dada, umegusa jambo zuri. Kwetu mtu akiulizwa "Hujala?", wengi hujibu "Ndiyo, sijala". Ile ndiyo inakubaliana na aliyeuliza. Kiingereza hakimtazami muulizaji, kinatazama kitenzi cha jibu. Umekula: "Yes, I did." Hujala: "No, I didn't." Swali liwe la kukanusha au la kukubali, jibu halibadiliki. Mimi nisingeliandika KOSA, ningeliandika TOFAUTI, kwa sababu mantiki ya mwanafunzi wako ni timamu, ni ya lugha nyingine tu. Wafundishe wasiishie kwenye "yes" peke yake. Wakimalizia na "I did" au "I didn't", wanajisahihisha wenyewe. Jaribu kwa wawili wawili, mmoja muuza chai, mwingine mteja. Ukiliandika somo hili nitalihakiki mwenyewe.

Kijana_wa_Eldoret: Huku kwetu tunasema "I will pick you at six" na kila mtu anaelewa. Nani alikupa mamlaka ya kuita kosa?

Jibu: Hakuna aliyenipa, na sijaliita kosa la kuongea. Ila anayekuja kusoma kwetu ana mtihani au usaili mbele yake, na huko wanataka "pick you up". Akinyimwa alama, hatakulaumu wewe, atatulaumu sisi. Kama unaliandikia somo, liite MTAANI, toa na umbo la mtihani, nitalipitisha leo hii.

Kijana_wa_Eldoret: Sawa, hapo nakubali.

binti_pwani: Nyongeza kuhusu matamshi. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wanafunzi wangu "record" wanaitamka namna moja tu. Nawaandikia REcord ikiwa nomino, reCORD ikiwa kitenzi, silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa.

Jibu: Nzuri sana, na hata ikichapwa kwa wino mweusi inabaki. Naichukua.

fundi_simu: Zimeni usahihishaji wa kiotomatiki mnapoandika lugha mbili pamoja. Yangu iligeuza "kama" ikawa "karma" mara saba kwenye somo moja.

Jibu: Inaingia hatua ya 7 leo.

Mama_Darasa: Mwalimu, nimeanza. Je, hivi ni sawa? "Didn't you eat? No, I didn't. TOFAUTI. Yes, I didn't."

Jibu: Karibu kabisa. Baada ya TOFAUTI weka nukta pacha badala ya nukta, ili lisomeke pamoja na sentensi inayofuata. Halafu ongeza mfano wa aliyekula, umemsahau.